Umekaa Ndani Mara Ngapi?

Rozalia alifukuzwa kijijini Buger kwa sababu ya neno moja la Kiswahili, lugha ambayo wakati huo hakuijua sawasawa. Aliyelisoma neno hilo alikuwa mume wake mwenyewe, Bartolomeo, ambaye alikuwa na miezi minne tu tangu ajue kusoma. Watu wa Buger wakiisimulia habari hii huanzia mkiani. Hapa itaanzia kichwani.

Aliolewa mwaka wa sitini na saba, kwa ng'ombe na kondoo wa haki, na hakuna aliyemlaumu kwa lolote. Mwaka uliofuata Bartolomeo alikwenda kufanya kibarua cha barabara ya kupanda Ngorongoro, akakaa kambini miezi minane. Aliporudi alikuwa anatembea kwa kutanua miguu. Alisema amegongwa na mpini wa sururu. Mke mpya hana desturi ya kuuliza mpini umempata mumewe wapi, basi Rozalia alimchemshia maji ya chumvi, jeraha likakauka, na habari ya mpini ikaisha.

Mimba ya kwanza ilitoka ya miezi saba. Ya pili ilifika miezi minane, akazaa mtoto wa kike aliyekufa siku nyingi tumboni.

Kwa Wairaqw, mwanamke akipatwa na jambo hilo hukaa meta. Maana yake ni kwamba anakaa ndani. Haendi kisimani wakati wengine wapo. Hakanyagi njia ya ng'ombe wa jirani. Hampi mtu mkono, hali chungu kimoja na mtu, na mwenye mimba akimwona kwa mbali hugeuza njia. Huweza kuwa miezi, huweza kuwa mwaka. Wazee husema si adhabu, ni kinga kwa wengine. Aliyekaa ndani ndiye anayejua kama ni adhabu au ni kinga. Rozalia alikaa mwaka mzima kwa mimba ya kwanza, na mwaka kasoro mwezi kwa ile ya pili, hakuiba hata siku moja.

Kisha ikaja operesheni ya vijiji. Nyumba zilizokuwa zimetawanyika mabondeni zikapangwa mistari kama mahindi, mlango ukitazama mlango. Ndipo mwanamke wa meta akakosa pa kupita, maana kila njia sasa ilikuwa ya mtu. Mwaka huohuo wa kuhamishwa wakaanza kisomo cha watu wazima, chini ya paa la ghala, kila siku saa kumi jioni. Bartolomeo aliandikishwa. Rozalia naye aliandikishwa miezi mingi baadaye, akahudhuria siku sita, akajua a, e na i. Siku ya saba mimba ya tatu ikatoka, ya miezi mitano. Mtu wa meta haketi benchi moja na watu. Hivyo ndivyo alivyoishia kwenye i.

Damu haikukata. Siku ya nne mama yake alimpitisha kwa nyuma ya mashamba, kabla watu hawajaamka, mpaka zahanati moja ya bondeni. Mganga msaidizi alikuwa kijana wa mbali, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakujua Kiiraqw. Mama hakujua Kiswahili. Rozalia alijua kidogo, cha dukani.

"Mimba imetoka yenyewe, au umetoa?" mganga aliuliza.

Rozalia alisikia maneno mawili yanayofanana kama mawe ya mto. Alichojua yeye ni kwamba ukisema habari ya mwili wako kwa Kiswahili unaanza na *ni*: nimeanguka, nimeumwa, nimetapika. Basi akalichukua neno la mwisho aliloulizwa, akaliwekea *ni* yake, kwa adabu.

"Nimetoa."

Mganga aliinua kichwa. "Mara ya kwanza?"

"Nimetoa tatu."

Yule kijana alimtazama sana. Aliandika mstari mmoja kwenye kadi, akapiga muhuri, akampa vidonge bila kumwambia tena hata pole. Rozalia alidhani ni uchovu.

Bartolomeo aliiona kadi jioni ile ikiwa juu ya mtungi. Kabla ya hapo hakuwahi kusoma kitu ndani ya nyumba yake. Aliisogeza mlangoni penye mwanga, akaweka kidole.

"A-me-to-a. Ametoa. Mi-mba. Mimba. Ma-ra ta-tu."

Furaha ya kusoma ilimfika kwanza, maana ikafuata nyuma. Rozalia alikuwa bado anacheka kwa kumwona mumewe amesoma.

"Imeandikwa hivyo?" Bartolomeo aliuliza.

"Ndiyo," alisema Rozalia. "Tatu. Ndivyo nilivyomwambia."

Kwa hiyo alijihukumu mara mbili, mara moja kwa mganga na mara moja kwa mume, na mara zote mbili alidhani anajibu vizuri.

Boazi, kaka mkubwa wa Bartolomeo, aliitisha wazee. Mvua ya vuli ilikuwa imechelewa, na watu walikuwa wanatafuta wa kumbebesha lawama. Mwanamke aliyeharibikiwa ana huzuni, walisema, lakini aliyemwaga damu kwa mkono wake, kisha akakaa ndani kana kwamba ni msiba, huyo amewadanganya watu na ardhi. Rozalia alisema kwa Kiiraqw, kwa maneno ambayo hayana mahali pa kuteleza, kwamba hakugusa kitu. Boazi akainua kadi.

"Hii si maneno ya watu," alisema. "Ina muhuri wa serikali. Na wewe mwenyewe umemwambia mumeo ndivyo ilivyo."

Bartolomeo alikuwa ameketi hapo. Alitazama chini, akawa anachimba udongo kwa kidole cha mguu. Wakampa Rozalia mpaka jua litakapozama, na wakamwambia asipite njia ya ng'ombe.

Alikwenda kwenye mashamba ya kahawa ya juu ya Karatu, wanakochukua mtu yeyote mwenye mikono. Huko alilala nyumba moja na wanawake wa Singida na Dodoma, wasiojua meta wala kutaka kuijua. Walikula naye chungu kimoja tangu siku ya kwanza. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili chenyewe. Siku moja wakichambua buni, alimweleza mwanamke mmoja wa Singida yaliyompata, na yule mama akaacha kuchambua.

"Ulimwambia *nimetoa*?"

"Ndiyo."

"Ee mwanamke. Ulijifunga kamba mwenyewe na ncha ukampa mtu. Kutoa ni kwa mkono. Wewe yako ilitoka. Unaona? Ilitoka. Yenyewe."

Rozalia aliendelea kuchambua mpaka kikapu kikajaa. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu duniani: Bartolomeo asimame mbele ya Boazi na wale wazee, aseme kwa kinywa chake, hakutoa. Hakutaka kurudi. Hakutaka ng'ombe. Neno liondolewe na mtu yuleyule aliyelisoma. Alimtumia ujumbe mara mbili kwa watu wa mnada. Jibu lililorudi ni kwamba Bartolomeo ameoa.

Mwaka wa sabini na tisa alipata kazi ya uhudumu kliniki ya mama na mtoto, Karatu. Alideki, alichemsha sindano kwenye jiko la mafuta ya taa, alishika mizani watoto walipopimwa. Hakuwa mama wa mtu, lakini kliniki kila mwanamke ni mama, na wakamwita Mama Roza. Muuguzi wake alikuwa Naisula, Mmasai wa Ngorongoro, mrefu, mwepesi wa maneno.

"Kwenu mama akipoteza mtoto mnamfungia ndani," Naisula alipenda kumwambia. "Kwetu mama akikaribia kuzaa tunamnyima chakula, ili mtoto awe mdogo apite. Sasa niambie nani ana akili."

"Nyinyi mnamnyima miezi mitatu," Rozalia alimjibu. "Sisi mwaka."

Mwaka wa themanini na nne, mwezi wa tatu, ilikuja Landrova kutoka Dar es Salaam ikiwa na masanduku, na mama mmoja daktari mwenye miwani, Dokta Sara. Alikuja na utafiti. Alitaka kujua kwa nini watoto wengi wanafia tumboni nchi hii ya juu, na kama damu ya mama ingeweza kueleza. Kila mjamzito aliulizwa maswali kumi na manne, kisha akatolewa damu kidogo mkononi. Swali la tisa lilikuwa hili: mimba ngapi zimeharibika?

Maswali yaliulizwa chumbani, wanawake wakiwa wamepanga foleni kwenye benchi. Wiki ya kwanza waliulizwa sitini.

"Mimba ngapi zimeharibika?" Naisula alisoma.

"Hakuna."

"Mimba ngapi zimeharibika?"

"Hakuna, sista."

Jioni Dokta Sara alihesabu. "Wawili tu kati ya sitini," alisema. "Kumbe Karatu ni peponi, nami nimekuja na masanduku yote haya bure."

Rozalia alikuwa anadeki chini ya miguu yake. Alicheka, na hakikuwa kicheko cha kumfurahisha mtu.

"Una neno, Mama Roza?"

"Wewe unamuuliza mbele ya wenye mimba. Akisema ndiyo, benchi lote linasimama na kukimbia. Kesho kijijini hachoti maji. Angekuambia kwa ajili gani, upate kuandika?"

Dokta alivua miwani. "Sasa nimuulizeje?"

"Muulize nje. Peke yake. Kwa Kiiraqw. Na usimuulize mimba. Hiyo habari ya mimba imeharibika ni ya vitabuni. Muulize umekaa ndani mara ngapi. Kila mtu anajua hesabu yake. Huwezi kusahau mwaka uliofungiwa."

Dokta Sara alikuwa msomi, lakini hakuwa na kiburi cha wasomi. Aliyaweka kando makaratasi ya wiki nzima, akaanza upya. Wakahamia nyuma ya jiko la sindano, stuli mbili tu, Rozalia akiuliza na Naisula akiandika. Waliwafuata hata wale sitini wa kwanza. Kati yao ishirini na watatu walikuwa wamekaa ndani, wengine mara moja, wengine mara nne. Mmoja aliinua vidole tu, hakuweza kusema.

Damu yenyewe ilizungushwa kwenye mashine ya mkono mpaka maji yake yakatengana juu, kisha tone la maji hayo likachanganywa na dawa yenye chembe nyeusi kwenye kadi nyeupe. Damu safi, chembe zilibaki zimetawanyika kama vumbi la mkaa kwenye maziwa. Damu yenye kaswende, chembe zilishikana madonge. Rozalia hakuhitaji kisomo kuziona. Baada ya mwezi Dokta alikuwa anamwachia atazame kwanza, kisha anahakikisha.

Alipima na wafanyakazi wote. Tone la Rozalia lilishikana, madonge madogo.

"Ni ya zamani," Dokta Sara alimwambia wakiwa wawili. "Huyu mdudu akikaa kwenye damu ya mama humfuata mtoto tumboni. Mimba hutoka, au mtoto hufa kabla ya kuzaliwa. Si kosa la mama. Inatibika kwa penisilini, ila lazima na mume atibiwe, la sivyo anamrudishia."

"Nani aliileta?"

"Damu haisemi nani aliileta."

"Haina haja ya kusema," alisema Rozalia. "Mimi sijajua mwanamume mwingine, kabla yake wala baada yake."

Alichomwa sindano mbili, kila upande moja. Aliporudi kwenye ndoo yake alikuwa anafikiri mpini wa sururu. Miaka kumi na sita alikuwa ameujua ugonjwa ule kwa jina la mpini.

Mwezi wa sita alikuja mwanamke kijana, tumbo la miezi mitano, kanga imefifia kwa majivu, maana mwaka ule sabuni ilikuwa haionekani. Kadi ilisema Cresensia, wa Buger. Mume, Bartolomeo.

Rozalia alimketisha kwenye stuli. Hawakuwahi kuonana.

"Umekaa ndani mara ngapi, mdogo wangu?"

"Mbili." Alisema kwa sauti ndogo, akatazama nyuma. "Lakini si kosa langu, dada. Mume wangu alikuwa na mke kabla yangu. Alikuwa anatoa mimba. Tatu alitoa, imeandikwa. Wanasema ile damu yake ilibaki kwenye nyumba, ndiyo inayokula wangu. Shemeji anasema tutachinja kondoo tusafishe."

Naisula aliacha kuandika. Yeye alijua mke huyo ni nani. Kalamu ilikaa hewani.

"Andika mbili," alisema Rozalia.

"Tatu sitaiweza," Cresensia alisema. "Wameshasema ikitoka hii narudishwa kwetu."

Tone lake lilipowekwa kwenye kadi lilishikana mara moja, madonge makubwa kama majani ya chai. Alichomwa sindano siku hiyohiyo, akapewa karatasi ya kumwita mume. Waume wengi walizitumia karatasi hizo kusokotea sigara. Jumanne iliyofuata Bartolomeo hakuja. Jumanne ya pili hakuja.

"Asipokuja kabla mkewe hajaanza mwezi wa saba, tumefanya kazi bure," alisema Dokta Sara. Dokta alikuwa na sheria moja: damu ya mtu haisemwi kwa mtu mwingine, hata mume. Rozalia alikuwa ameapa.

Angeweza kukaa kimya. Hilo lazima lisemwe, maana ndilo alilolifikiria siku zote zile, akichemsha sindano. Asingevunja kiapo chochote. Mimba ingetoka, Cresensia angerudishwa kwao, nyumba ya Bartolomeo ingebaki tupu kwa mara ya pili, na safari hii hakuna wa kumbebesha. Yeye angekuwa anadeki tu. Alilitazama wazo hilo kama mtu anavyotazama nyama ya jirani. Kasoro ilikuwa moja: mwakani Cresensia angeketi tena kwenye ile stuli, naye ndiye angemuuliza, na angejibu tatu.

Siku ya mnada alivua aproni saa sita mchana, akaenda. Alimkuta Bartolomeo upande wa mbuzi, ameshika kamba ya beberu. Alikuwa amezeeka kuliko miaka minane.

"Wewe ni Rozalia," alisema.

"Ni mimi. Mkeo alikupa karatasi ya kliniki?"

"Mambo ya wanawake yale."

"Ina jina lako. Au siku hizi husomi?"

Bartolomeo aliangalia huku na huku. "Umekuja kunitukana mbele ya mbuzi?"

"Mbuzi hawatasema kitu. Nisikilize. Damu ya mkeo sikuambii, sina ruhusa. Nakuambia yangu, hiyo ni mali yangu. Imepimwa. Ina kaswende, ya siku nyingi, ya wakati wa barabara ya Ngorongoro. Ndiyo iliyoziua zote tatu. Wewe unajua mimi nilikuwa na mwanamume gani mwingine."

Mtu mmoja alipita akamshika beberu mgongo, akauliza bei, hakujibiwa, akaendelea.

"Nani anajua?" aliuliza Bartolomeo.

"Dokta. Muuguzi. Mimi."

"Na Buger?"

"Buger bado. Buger utakwenda kuwaambia wewe. Utachomwa sindano, kisha utasimama mbele ya Boazi na wazee useme nilichokuwa nakutumia watu uje useme. Kwamba sikutoa."

Alikuwa ameyapanga maneno hayo miaka minane, akidhani siku atakayoyasema dunia itasimama kidogo. Mnada uliendelea kupiga kelele. Bartolomeo alikuwa anamzungusha beberu kamba shingoni na kuifungua.

"Siwezi," alisema mwishowe. "Nikisema hukutoa, wataniuliza ni nini basi kilichoziua. Nitajibu nini?"

"Utajibu kweli."

"Nikijibu kweli mimi si mtu tena pale. Watoto wa Boazi watanicheka." Alikaza kamba. "Na ukisema wewe, Rozalia, siji huko kwenu. Na Cresensia namtoa kliniki. Kuna mzee wa dawa kule bondeni, atamtibu yeye. Hamtamwona tena."

Alisema hivyo si kwa ukali, alisema kama mtu anayetaja bei ya mbuzi. Na Rozalia aliona kwamba angefanya. Mtu aliyeweza kutazama chini wakati mkewe anafukuzwa angeweza kutazama chini tena.

Si kwamba alimhurumia Cresensia sana. Alimwona tu anavyoinua kidole cha tatu.

"Njoo Jumanne, saa mbili," alisema. "Usiwe umekunywa. Nitanyamaza."

Alikuja. Aliingia kwa mlango wa nyuma, kofia usoni. Rozalia ndiye aliyetoa sindano kwenye maji ya moto kwa koleo, akampa Naisula, akageukia ukuta. Bartolomeo aliguna.

"Tulia, mzee," alisema Naisula. "Ng'ombe wetu tunawachoma dawa hii hii, hata mkia hawatikisi."

Alipotoka alipita karibu na Rozalia, akasita. Hakusema asante. Alisema, "Itauma mpaka lini?" Rozalia akamwambia siku tatu.

Mwezi wa nane Boazi alichinja kondoo, wakanyunyiza nyumba yote na zizi, kuondoa damu ya mke wa kwanza. Mwezi wa kumi Cresensia alijifungua mtoto wa kike, akalia kabla hajatoka vizuri, kilo tatu kasoro kidogo. Buger nzima ilisema kondoo amefanya kazi. Kwa hiyo jina la Rozalia likazidi kuwa baya kuliko lilivyokuwa: zamani lilikuwa baya kwa karatasi, sasa lilikuwa na ushahidi unaonyonya. Habari hizi alizisikia kliniki, kutoka kwa wanawake waliozisimulia mbele yake bila kumjua, naye akiwashikia mizani.

Dokta Sara aliondoka mwisho wa mwaka na masanduku yake. Baadaye alileta barua, Naisula akaisoma kwa sauti. Wanawake mia nne na kumi walikuwa wamepimwa. Zaidi ya mmoja kati ya kila kumi alikuwa na ule ugonjwa, na wengi wa waliotibiwa mapema pamoja na waume zao walizaa watoto hai. Tangu sasa kila mjamzito apimwe damu siku ya kwanza anapofika, dawa ikiwapo. Mwishoni aliandika kwamba swali la tisa lilirekebishwa kwa ushauri wa mhudumu wa kliniki.

"Hajataja jina lako," alisema Naisula.

"Angalau hajaandika uongo," alisema Rozalia.

Mwezi wa tano mwaka wa themanini na tano Cresensia alimleta mtoto kupimwa. Rozalia alimvika ile suruali ya turubai ya mizani, akamtundika. Mtoto alining'inia akitafuna ngumi.

"Dada," alisema Cresensia polepole. "Wewe ndiye yule."

"Kilo saba na nusu," Rozalia alimwambia Naisula.

"Mume wangu alisinzia kwa pombe akasema. Si yote. Alisema jina lako, akasema mpini. Mengine nimeyajumlisha mwenyewe. Sindano yangu, sindano yake." Macho yalikuwa makavu. "Mimi nimekutukana mbele yako, na wewe uliandika mbili ukanyamaza."

"Ningeandika nini?"

"Nitawaambia."

"Utawaambia nini? Wakikuuliza mumeo alichomwa sindano ya nini, na wewe ya nini, utajibu nini? Watakurudisha kwenu na mtoto huyu mgongoni. Nyamaza kama nilivyonyamaza. Mimi nimeshazoea, wewe bado una nyumba ya kupoteza." Alimteremsha mtoto. "Ana afya. Muongezee uji wa maziwa."

Cresensia alimfunga mtoto, akaenda zake bila kuahidi kitu. Rozalia hakumfikiria tena, au alisema hamfikirii. Chanjo ilikuja, ikaisha, ikaja. Mafuta ya taa yaliadimika wakachemsha sindano kwa kuni. Bartolomeo hakuonekana tena Karatu isipokuwa kwa mbali siku za mnada, na Boazi alichaguliwa balozi wa nyumba kumi.

Mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna maharage, alikuja mjamzito mmoja wa Buger, mke wa mtu wa mtaa wa juu, msemaji. Rozalia alimuuliza swali lake nyuma ya jiko. Mwanamke akajibu mara moja, bila kutazama nyuma.

"Na nipime damu," alisema. "Na mume wangu atakuja, nimemwambia asipokuja nahamia kwa mama. Kwetu wanawake wanasema ni ugonjwa wa damu, unaletwa kutoka kambini. Wanasema hata yule mke wa kwanza wa Bartolomeo hakutoa."

Naisula alimtazama Rozalia. Rozalia alikuwa ameshika pamba.

"Nani wanasema?"

"Wanawake. Kisimani huko, mashineni huko. Yule mke mdogo alianza, basi sasa wanasema."

"Na wanaume?"

Mwanamke alifikiri. "Wanaume hawajasema."

Rozalia aliichovya pamba kwenye spiriti, akamfuta mkono kwenye mshipa.

"Kunja ngumi, mama," alisema.